Jengo la Vipande: Mtaa wa Albert Namba 80, Johannesburg

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la ghorofa tano lililopo Mtaa wa Albert namba 80, katika eneo la Marshalltown jijini Johannesburg, liliwaka moto. Watu 76 walipoteza maisha. Waliokuwa wakiishi humo walitoka Afrika Kusini yenyewe, Malawi, Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Katika vyumba kadhaa Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani. Kwa siku chache picha za madirisha meusi zilizunguka duniani, na maelezo ya chini ya picha hizo yalikuwa karibu yaleyale kila mahali: hili ni mojawapo ya mamia ya majengo yaliyotekwa katikati ya jiji.

Neno hilo, kutekwa, linastahili kutazamwa kabla hatujaendelea. Katika Kiswahili tunateka maji kisimani, tunateka mji vitani, tunateka nyara. Kila mara pana mwenye kitu na pana mnyang'anyi. Mtu akisema jengo limetekwa, msikilizaji anadhani kwamba mwenye jengo alikuwepo, akalitunza, kisha akaja mwenye nguvu akamfukuza. Visa vya namna hiyo vimetokea Johannesburg, na kuna magenge yanayoishi kwa kodi za vyumba yasivyovimiliki. Hata hivyo nashawishika kuwa kwa sehemu kubwa ya historia ya majengo haya kitenzi kinachofaa ni kutelekeza, na kwamba kutelekeza kulitangulia kuteka kwa miaka mingi. Jengo la Mtaa wa Albert ni ushahidi mzuri kuliko mwingine, kwa sababu mwenye jengo anajulikana: ni Jiji la Johannesburg lenyewe.

Tuanze na sababu ya kuwepo kwa mji. Johannesburg haina mto wa maana wala bandari. Ilizuka mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu ya Witwatersrand, na dhahabu hiyo ilikuwa ya namna ya pekee: ilikuwa nyingi mno, lakini imetawanyika kama vumbi ndani ya mwamba unaozama chini sana. Kuitoa kulihitaji mitambo ghali na mikono mingi. Bei ya dhahabu haikuwa mikononi mwa wenye migodi. Bei ya mikono ilikuwa. Faida ya migodi ilitegemea, tangu mwanzo, mfanyakazi ambaye mshahara wake haukuhesabiwa kulisha mke na watoto, kwa kuwa hao walibaki kijijini.

Ndipo walipopatikana vijana wa mkataba. Shirika la kuandikisha wafanyakazi ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Wenela lilifika mbali. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilizuia uandikishaji wa watu kutoka kaskazini ya latitudo ya 22, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi kwa nimonia. Katika miaka ya 1930 zuio likalegezwa, na Wanyasa wakarudi kwa maelfu. Watu wa kusini mwa Tanganyika, hasa Wanyakyusa wa Rungwe, nao walishuka hadi migodi ya Rand, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo. Wanaoshangaa leo kwamba Mtanzania na Mmalawi wanaonekana Johannesburg wasisahau kwamba barabara hiyo haikuchongwa na wahamiaji. Ilichongwa na kampuni.

Mfanyakazi wa mgodini aliwekwa kambini, nyuma ya ukuta. Lakini viwanda, maduka, hoteli na majiko ya Wazungu vilihitaji watu pia, na hao hawakuweza wote kufungiwa. Kwa ajili yao kulikuwa na kipande. Msomaji wa Kenya halihitaji neno hili kufasiriwa: ni jina lilelile la karatasi iliyofungiwa ndani ya kopo la chuma na kuning'inizwa shingoni mwa wanaume wa Kiafrika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Afrika Kusini ilikifanya kuwa kitabu. Sheria ya mwaka 1952, ambayo kwa kejeli ya aina yake ilijiita sheria ya kufuta pasi, ilikusanya karatasi zote za zamani katika buku moja ambalo kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kulibeba. Asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Haki ya kuishi humo ilikuwa ya aliyezaliwa humo, au aliyemtumikia mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au aliyeishi humo kihalali kwa miaka 15.

Nani alikuwa akihesabu miaka hiyo? Makarani. Na makarani wa Johannesburg walikaa Mtaa wa Albert namba 80. Jengo lile lililoungua lilijengwa katika miaka ya 1950 kuwa ofisi ya idara ya jiji iliyosimamia mambo ya wasio Wazungu. Hapo ndipo mtu alipopanga foleni tangu alfajiri, akapimwa mwili, akaulizwa ametoka wapi na kwa nini, kisha akagongewa muhuri wa kukaa au wa kuondoka. Leo pana kibao cha buluu cha urithi kinachomweleza mpita njia habari hizo. Kilikuwepo ukutani siku ya moto.

Ninakaa kidogo juu ya ofisi hii kwa sababu inaeleza jambo ambalo magofu peke yake hayalisemi. Katikati ya Johannesburg hakukujengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiuendesha mji. Kulijengwa ili waingie asubuhi na watoke jioni. Nyumba zao ziliwekwa Soweto na Alexandra, na idadi ya nyumba hizo ilizuiwa kwa makusudi, kwa kuwa nyumba ni dalili ya kukaa.

Kilele cha fahari ya mji huo kilifika wakati msingi wake ulikuwa tayari umeanza kuondoka. Afrika Kusini ilichimba dhahabu nyingi kuliko wakati mwingine wowote mwaka 1970, takriban tani 1,000, lakini migodi ya kale iliyopakana na jiji ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Anglo American ilisimamisha Carlton Centre, ghorofa 50, jengo lililokuwa refu kuliko yote Afrika hadi mwaka 2019, pamoja na hoteli ya kifahari pembeni yake. Mwaka 1975 ukamalizika mnara wa Ponte kule Berea, duara la ghorofa 54 lenye uwazi katikati kama kisima. Ulikusudiwa Wazungu wenye kipato. Kufikia miaka ya 1990 uwazi ule ulikuwa jalala, takataka zimerundikana ghorofa juu ya ghorofa.

Jinsi mambo yalivyofikia hapo husimuliwa kwa ufupi mno: Weusi waliingia, Wazungu wakakimbia, mji ukaoza. Utaratibu wenyewe ulikuwa na hatua zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Hillbrow na Berea zilikuwa na vyumba vitupu, kwa kuwa Wazungu walikuwa wakihamia vitongoji vya kaskazini, huku Wahindi, Machotara na baadaye Waafrika wakikosa pa kuishi katika maeneo waliyotengewa. Wenye nyumba wakaanza kuwapangisha kinyume cha sheria ya maeneo ya makabila. Mpangaji haramu ni mpangaji mzuri kwa mwenye tamaa: unamtoza zaidi, na lifti ikiharibika hawezi kwenda polisi. Mwaka 1982 mahakama ya Transvaal, katika shauri la Govender, iliamua kuwa mtu hafukuzwi hivihivi kwa sheria hiyo bila kutazamwa kwanza kama ana pengine pa kwenda. Tangu hapo kufukuza kulipungua sana, lakini kodi za kinyonyaji hazikupungua. Familia zikashirikiana chumba ili kuzimudu. Mabomba yaliyotengenezwa kwa watu wawili yakahudumia wanane. Benki, zilipoona rangi ya mitaa inabadilika, zikaacha kukopesha kwa ajili ya kununua au kukarabati huko. Mwenye jengo asiyeweza kuliuza wala kulikopea akaacha kulipa bili za maji na umeme, ingawa wapangaji walikuwa wamemlipa yeye. Manispaa ikakata huduma. Mwishowe mwenyewe akatoweka, deni likabaki kubwa kuliko thamani ya jengo, na mtu fulani aliyekuwa na ufunguo, au bunduki, akaendelea kukusanya kodi.

Ni katika hatua hii ya mwisho tu ndipo neno kutekwa linapoingia mdomoni.

Fedha kubwa nazo ziliondoka, kwa hatua zenye heshima zaidi. Hoteli ya Carlton ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Carlton Centre yenyewe iliuzwa mwaka 1999 kwa randi milioni 33, bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kujenga kitu kama hicho upya. Mwaka 2000 Soko la Hisa likahama Mtaa wa Diagonal kwenda Sandton, kilomita chache kaskazini, mji ambao hadi mageuzi ya miaka ya 1990 ulikuwa na manispaa yake na mapato yake. Anayeufananisha mji huu na Detroit anakosea hapa. Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950; sensa ya 2020 ilihesabu chini ya 640,000. Kule nyumba zilibaki bila watu. Johannesburg imeendelea kuongezeka, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu wapatao milioni 4.8. Fedha zilisogea, watu wakabaki, na wengine wakaja, kwa kuwa mtu asiye na gari huishi pale anapoweza kufika kazini kwa miguu. Marehemu Phaswane Mpe aliliona hilo mapema katika riwaya yake ya mwaka 2001 juu ya Hillbrow, ambamo lawama dhidi ya wageni inarudi kwa wanaoitoa, kwa kuwa nao walifika kutoka mahali.

Na jengo letu? Vipande vilifutwa mwaka 1986, na ofisi ikapoteza kazi. Baadaye jiji lilikodisha jengo hilo kwa shirika lililohifadhi wanawake waliotendewa ukatili na watoto wao. Jina la makao hayo, Usindiso, kwa Kizulu ni wokovu. Shirika lilipoondoka, wapo waliobaki, wakaja wengine. Maji yalikatwa. Umeme ulivutwa kwa nyaya za kuungaunga. Kumbi ambamo makarani walikuwa wamekaa ziligawanywa kwa mbao, maboksi na mapazia kuwa vijichumba. Watu walilipa kodi, ila mlipwaji hakuwa jiji.

Sheria haikuwa kimya katika miaka hiyo. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 26, inakataza mtu kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyopima mazingira yote. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba, inayokaa juu ya kilima cha gereza la zamani dakika chache kutoka Hillbrow, iliamua katika shauri la wakazi wa Mtaa wa Olivia kwamba jiji lizungumze nao kwanza kwa dhati. Mwaka 2011, katika shauri la Blue Moonlight, ilisema jiji lina wajibu wa kuwapatia makazi ya muda wale ambao kuondolewa kungewaacha barabarani. Baada ya moto, wanasiasa kadhaa walizilaumu hukumu hizi na mawakili waliozipigania: eti ndizo zilizolifunga jiji mikono. Lakini hukumu haikukataza kuziba waya uliochubuka, kurudisha maji, au kuweka mpira wa kuzimia moto. Haikukataza kujenga. Ilisema tu kwamba anayemtoa mtu aonyeshe anampeleka wapi, na jiji, lililobadilisha mameya kama abiria wa daladala, halikuwa na pa kuonyesha.

Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ilitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake Mei 2024. Mbele yake, Januari mwaka huo, kijana mmoja alikiri kwamba ndiye aliyewasha moto ili kuficha mauaji. Kukiri huko kulishtua wengi, na kwa siku kadhaa kulionekana kuyafuta maswali mengine yote. Tume haikukubali yafutike. Kiberiti kinaweza kuwashwa popote. Kilichoua watu 76 ni nyumba isiyokuwa na maji ya kuzimia, yenye milango ya dharura isiyopitika na kuta za mbao kavu, na mwenye nyumba hiyo alijua hali yake tangu angalau mwaka 2019. Tume iliona kwamba Jiji na kampuni yake ya mali zisizohamishika wanabeba wajibu, ikapendekeza jengo libomolewe na pawekwe kibao chenye majina ya waliokufa.

Walionusurika walipelekwa kwenye makazi ya muda, baadhi yao kule Denver, mashariki ya jiji, katika vibanda vya mabati. Wageni miongoni mwao walikabiliwa na jambo jingine. Vitambulisho vyao vilikuwa vimeungua pamoja na magodoro, na wengine hawakuwahi kuwa navyo. Maofisa wa uhamiaji wakawachukua baadhi yao hadi kituo cha Lindela, ili warudishwe makwao. Ilibidi mawakili waende mahakamani kuomba wasiondolewe nchini kabla ya kutoa ushahidi juu ya moto. Walipewa nafasi ya kusema waliyoyaona katika nyumba ya Mtaa wa Albert, baada ya kuulizwa karatasi zao.