Pa Kulala Dereva: Vituo vya Malori kutoka Mombasa hadi Malaba

Lori la kontena linapotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, dereva hukabidhiwa karatasi za forodha, mafuta na posho ya njia. Mahali pa kulala hujitafutia mwenyewe. Ukifuatilia historia ya vituo vya njia hii utaona kwamba msafiri hakusimama pale alipochoka. Alisimama pale aliposimamishwa.

Kilichomsimamisha kwanza ni maji. Misafara ya karne ya 19 iliyopanda bara kutoka Mombasa ilivuka nyika kavu ya Taru, na kambi zikafuata maji: Maji ya Chumvi, ngurunga za Taru, Maungu, kisha mito ya Voi na Tsavo. Wapagazi walitua mizigo, wakazungushia kambi boma la miiba, wakakoka moto. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, haikubadili sana kanuni hiyo, kwani injini za mvuke nazo zilitaka maji. Ndipo Voi, Mtito Andei na Makindu zikawa na stesheni. Hapo Makindu, Masingasinga waliofanya kazi relini walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hupata humo chakula na malazi bila kudaiwa senti.

Lami ilipokamilika kati ya Mombasa na Nairobi, masafa ya kilomita 480 hivi, mchukuzi mkuu akawa dereva na taniboi wake. Maji hayakuwa tena shida, ila mkono wa serikali ukachukua nafasi yake. Mizani iliwekwa Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye ili kuzuia malori yanayozidisha uzito. Kiwango cha juu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ni tani 56. Penye mizani pana foleni, na penye foleni hakukosi mama wa chai. Baada yake huja bucha, fundi wa matairi, gesti na baa. Mlolongo uliota hivyo, mji mzima kando ya malori yaliyosubiri kupimwa.

Jioni kwenye kituo kama Maungu au Salgaa ina utaratibu wake. Dereva hurudisha trela nyuma mpaka milango ya kontena ikaribiane na ya jirani, mwizi asipate pa kupitisha mkono. Taniboi huangalia sili, hukaza turubai, kisha hufungua sanduku lililo ubavuni mwa trela na kutoa jiko, sufuria na unga. Mlinzi wa usiku hulipwa chochote, maana dizeli hunyonywa kwenye tangi huku mwenyewe anakoroma. Dereva hulala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, na taniboi hujipatia pake pa kujibanza.

Vituo hivyo vilibeba pia msiba. UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980 na 1990, miji ya malori iliumia mapema, na madereva wakanyooshewa vidole kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Shirika la North Star Alliance, lililoundwa mwaka 2006, lilichagua njia nyingine. Liliweka zahanati ndani ya makontena ya buluu kando ya barabara na kuzifungua jioni, saa ambayo dereva ameshaegesha. Mwaka 2020 lawama zilirudi kwa jina la korona. Malaba, foleni ya kusubiri vipimo ilifika makumi ya kilomita, na watu walilala garini siku baada ya siku.

Kabla ya hapo, pigo lilikuwa la kibiashara. Mwaka 2019 serikali iliagiza makontena yasafirishwe kwa reli mpya ya SGR. Mombasa iliandamana, na wenye hoteli na gesti za Mariakani, Voi na Mtito Andei wakaonja makali. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameligeuza pumziko kuwa biashara. Malori yanayotoka bandari ya Durban hupanda kwa barabara ya M7, yakapita Queensburgh na kuishika N3 kuelekea Johannesburg, na njiani kuna viwanja vya kulipia vyenye uzio, taa, bafu na mlinzi getini. Lakini mwaka 2018, na tena Julai 2021, malori yalichomwa moto Mooi River kwenye barabara hiyohiyo. Uzio pekee haumlindi dereva.

Hata hivyo, kwetu hata huo uzio ni haba. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Saa ya nane ikitimia porini, anaegesha bega la barabara. Na kando ya barabara si salama: jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililoacha njia liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Serikali iliyoweza kujenga mizani inaweza kujenga maegesho yenye choo, taa na ulinzi, mbali na soko. Ianze na hayo kabla ya mizani nyingine.