Vyeo vya Beni, Viti vya Fidla

Wanaosimulia historia ya taarabu huanzia kasri ya Sultani, Unguja. Wangeweza pia kuanzia forodhani, Kilwa Kivinje. Katikati ya karne ya 19 mji huo ndio uliokuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa, na Lindi nayo ilikuwa na njia zake za kuingia bara. Zilishuka pembe za ndovu na sandarusi, na baadaye mpira wa porini. Walishuka pia watu, maelfu kwa maelfu, waliovushwa kuuzwa Unguja hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Kila kilichopita kilitozwa ushuru, na ushuru ukaishia katika hazina ya Sultani.

Hazina hiyo ndiyo iliyomlipia nauli Mohamed Ibrahim. Kwa masimulizi ya Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri kiasi cha kumtuma mtu huyo Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, kisha arudi awafundishe wengine. Historia ya taarabu hupenda kutaja ukarimu wa Sultani na kusahau ni mzigo wa nani uliojaza kasha lake. Wapagazi wa kusini wana haki ya kutajwa.

Kundi la kasri lilikuwa dogo, la mtindo ambao Wamisri huuita takht: udi, kanuni, nai, fidla na rika, kila ala moja. Mpiga fidla hakuwa na mwenzake wa kugombea naye kiti. Yeye ndiye alikuwa fidla zote.

Mwaka 1905 vijana wa Unguja waliunda chama chao wenyewe, Nadi Ikhwani Safaa, wakaagiza ala Cairo na kuanza kujifunza. Muziki wa kasri ukaingia mikononi mwa watu wa ridhaa, wenye kazi zao mchana na mazoezi jioni. Mwaka huohuo, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba ya Mjerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mambo hayo mawili hayakuhusiana kwa lolote, ila yanaonyesha jinsi pwani moja ilivyokuwa imekatwa vipande viwili na mipaka ya wakoloni: upande mmoja watu walikuwa wakikaza nyuzi, upande wa pili wakichimba makaburi.

Kusini nako muziki ulikuwapo, tena wenye kelele zaidi. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilizuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikateremka pwani ya Tanganyika katika enzi ya Wajerumani, ikiwa na ngoma kubwa, mabaragumu, sare na gwaride. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alifuatilia makundi yake mawili makubwa, Marini na Arinoti, kutoka mji hadi mji. Marini walijihesabu watu wa daraja, wakiwamo askari na makarani. Arinoti walipokea zaidi wale ambao Marini waliwatazama kwa jicho la pembeni. Yote mawili yalikuwa pia vyama vya kusaidiana: mwanachama akifiwa, wenzake hutoa.

Waingereza walipoziteka Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916, vita vikahamia mitaa hiyo. Mapigano ya Narung'ombe, Julai 1917, yalikuwa nyuma ya Kilwa. Yale ya Mahiwa, Oktoba 1917, nyuma ya Lindi, na yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika kampeni nzima. Askari na wapagazi wa majeshi yote mawili walikutana, wakatekwa, wakabadilishana nyimbo. Waliorudi kwao Nyasa walikwenda na ngoma za aina ya beni, ambazo huko zikajulikana kwa majina ya mganda na malipenga. Vita vilipokwisha, maofisa wa Kiingereza walianza kuchunguza kwa wasiwasi: hawa wenye majenerali na wafalme wao, je, hawapangi jambo?

Hawakupanga. Lakini wasiwasi ule unaeleza kitu. Katika beni cheo kilikuwa nusu ya burudani. Mtu akipanda, mji mzima unajua kwa kumtazama mabegani. Akishuka, wanajua vilevile. Uzito wa vyeo hivyo ulikaa kwenye mavazi, maandamano na michango, wala haukumtenga mtu na wimbo wenyewe: jenerali na askari wa kawaida waliitikia sauti moja.

Ulaya ilifanya kinyume. Huko cheo kiliingizwa ndani ya muziki. Kundi la fidla 24 la mfalme wa Ufaransa, katika karne ya 17, lilikuwa limegawanywa sauti tano, kutoka ya juu hadi ya chini. Kufikia zama za Mozart mgawanyo ulikuwa umetulia: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo na besi. Safu ya kwanza hubeba wimbo na kupanda juu kwenye uzi mwembamba. Safu ya pili hujaza katikati, mara nyingi kwa vipande ambavyo mtu akivisikia peke yake hawezi kujua ni muziki gani.

Katika okestra za ridhaa za Ulaya na Marekani, kuhamishwa kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili huumiza roho za watu wazima wenye heshima zao. Wapo wanaoacha kabisa. Ukweli wa kazi ni mwingine. Anayehamia safu ya pili hupoteza kile alichokuwa akikishika bila kujua, yaani wimbo. Alizoea kujisahihisha kwa kuusikia; sasa lazima ahesabu mapigo ya kimya, asikilize viola upande huu na fidla za kwanza upande ule, na aweke kidole mahali ambapo sauti yake italala kati ya sauti za wenzake. Anayepanda kwenda ya kwanza ana shida nyingine: mkono wa kushoto unasogea hadi karibu na kifua cha fidla, ambako hatua kati ya noti moja na nyingine ni nyembamba, na kosa dogo husikika ukumbi mzima. Hata mahali pa kukaa pamebadilika. Zamani safu hizo mbili zilitazamana, moja kulia na moja kushoto kwa kiongozi; katika miaka ya 1920 Leopold Stokowski, akiwa na okestra ya Philadelphia, alizikusanya upande mmoja, na wengi wakamfuata.

Pwani ya Waswahili haikuurithi mgawanyo huo, ingawa fidla ni ileile.

Mwezi Machi 1928 mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hesabu inayotajwa na wanahistoria ni kwamba kufikia mwaka 1931 sahani 72,000 za nyimbo za Kiswahili zilikuwa zimeuzwa Afrika Mashariki. Majahazi yaliyokwenda kusini yalikuwa na njia mpya ya kubeba muziki: mtu hakuhitaji tena kuwa na kundi ili awe na taarabu nyumbani, alihitaji gramafoni na jirani mvumilivu. Redio ikafuata, Unguja na Dar es Salaam, mwaka 1951. Zikaja na filamu za Misri, ambamo Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum waliimba mbele ya makundi makubwa yenye fidla nyingi zikiinuka na kushuka pamoja.

Klabu za pwani zilitaka sura hiyo. Ikhwani Safaa ikakua. Mwaka 1958 kikaanza chama kilichokuja kuitwa Culture Musical Club. Dar es Salaam nako zilikuwapo Egyptian na Al-Watan. Viti vya fidla vikaongezeka, chelo na besi zikaingia, kodiani ikashika nafasi yake. Sasa kulikuwa na safu ya kweli ya fidla, na hapo ndipo swali la Ulaya lingeweza kuingia: nani wa kwanza, nani wa pili?

Halikuingia, kwa sababu ya jinsi muziki wenyewe ulivyo. Katika taarabu fidla zote hupiga wimbo mmoja. Bashrafu, kipande cha ala cha kufungulia, ikianza, zinakwenda pamoja. Mwimbaji akianza, zinamfuata nyuma yake au kumjibu anapovuta pumzi, na baina ya ubeti na ubeti zinajaza. Kila mpigaji ana namna yake ya kuteleza kidole au kuongeza pambo, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazoipa safu unene. Yupo mkubwa wao, bila shaka, ambaye wenzake hutazama uta wake. Ila anayekaa nyuma kabisa anapiga noti zilezile anazopiga wa mbele. Huwezi kumteremsha mtu kwa kumpa wimbo uleule.

Kuhama kulikokuwapo ni kwa ala. Ala nyingi ni mali ya klabu. Mpiga chelo akihama mji au akifa, chelo inabaki na kiti kinabaki, na wimbo wa Jumamosi haungoji. Anayetazamwa kwanza ni mpiga fidla, kwa kuwa tayari anajua uta. Kinachomngoja si kidogo. Nyuzi za chelo zimepangwa kwa nafasi zilezile za tano-tano kama za fidla, kwa hiyo akili inaelewa haraka, lakini vidole vinapaswa kunyooka mara dufu na uzi wa juu aliouzoea haupo. Besi ina hila zaidi: nyuzi zake ziko nne-nne, na kidole kilichozoea fidla kinadanganya kila mara. Udi hauna uta kabisa, ila shingo yake haina vigawanyo, sawa na ya fidla, kwa hiyo sikio linahamia bila mzigo. Wapo waliozimudu ala mbili au tatu kwa heshima sawa. Seif Salim Saleh wa Ikhwani Safaa alijulikana kwa udi na kwa fidla; Mohamed Issa Haji, maarufu kwa jina la Matona, vilevile.

Mabadiliko makubwa zaidi ni ya kazi yenyewe. Kwenye fidla mtu anamfuata mwimbaji. Kwenye besi anakuwa mwenzake dumbaki na rika, ala za mapigo. Akichelewa yeye, wote wanaanguka. Mtu aliyekuwa akipamba anageuka nguzo, na hatajwi na mtu yeyote anaporudi nyumbani baada ya onyesho. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo pwani haikosi ukatili wake. Imeuhamishia kwenye besi.

Kulikuwa na uhamaji mwingine, kuvuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Kidumbak, ngoma ya harusi za watu wa kawaida wa Unguja, hutumia vidumbaki viwili, sanduku la uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, mkwasa, cherewa, na fidla. Moja tu. Mpiga fidla wa klabu, aliyejificha kwa raha katikati ya wenzake kumi, akialikwa kidumbak anakuta kila kitu kiko juu yake: wimbo, majibu, mapambo, na mwendo unaokimbizwa na wachezaji mpaka jasho linateleza kwenye kidevu. Makame Faki wa Culture Musical Club alijulikana pande zote mbili, na albamu ya mwaka 1997 iliyotoka kwa jina la Kidumbak Kalcha, ikiitwa Ng'ambo, ilinasa watu wa klabu wakipiga muziki huo wa upande wa pili. Waliodharau kidumbak kwa kuwa ni taarabu ya maskini walisahau kwamba ni shule: fidla peke yake haina pa kujificha.

Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa imegeuza hesabu hiyo yote. Kinanda cha umeme kina sauti ya fidla ndani yake, na kidole kimoja kinatoa safu nzima. Kwa harusi ya mwambao wa bara, ambako kukodi watu 25 na kuwalisha ni mzigo, hoja ya kinanda haina mpinzani. Fidla za mbao zilibaki zaidi Unguja, ambako Dhow Countries Music Academy ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2002 na kufundisha kusoma noti pamoja na makamu za Kiarabu.

Mpaka mmoja ulikuwa mgumu kuliko ule wa fidla na besi. Katika klabu kubwa wanawake waliimba na wanaume walipiga. Wanawake wa Unguja walikuwa na makundi yao tangu zamani, mengine yenye majina ya kijeshi ambayo wana beni wangeyatambua mara moja, kama Royal Air Force na Navy, na ushindani wao ulikuwa mkali. Hata hivyo kwenye okestra mahali pao palikuwa mbele, kwenye kipaza sauti. Mwaka 2009 mwanahabari Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la wanawake pekee kwenye kila ala. Mwenyewe alishika kanuni. Waliojiunga walilazimika kuanza na mambo ya msingi kabisa, kukaza nyuzi, kupaka uta ulimbo, kutafuta noti kwenye shingo isiyo na alama, na baadhi yao walikuwa tayari wameimba taarabu kwa miaka.