SPf66 (majaribio ya Idete)

SPf66 ni chanjo ya malaria iliyobuniwa Kolombia na Manuel Elkin Patarroyo, ikajaribiwa miaka ya 1990 kijijini Idete, bonde la Kilombero, na watafiti wa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Majaribio ya Amerika Kusini yalikuwa yameleta matumaini. Kilombero, penye mashamba ya mpunga na mbu tele, ndipo ilipopata mtihani mgumu. Matokeo ya 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Baadaye, kwa watoto wachanga wa bondeni humo, kinga haikuonekana.

Ugumu umo katika kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum hubadili sura kila hatua ya maisha yake, na hata aliyeugua mara nyingi hapati kinga kamili.

Wazazi wa Idete waliojitolea wanastahili heshima kubwa. SPf66 iliachwa, lakini chanjo nyingine ya malaria, RTS,S, iliyojaribiwa pia katika tawi la taasisi hiyo huko Bagamoyo, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.