Matembezi ya Ujerumani, sehemu ya 4: Lübeck na watoto wa 1930

Haya mama zangu, tuendelee. Jana niliwaacha stesheni ya Hamburg. Kutoka pale ni treni ya kama dakika 45 unashuka Lübeck, mji wa wafanyabiashara wa zamani, umezungukwa na maji. Utapokelewa na lango la Holstentor, matofali mekundu, la miaka ya 1400. Minara yake imeinama kwa sababu ardhi ya chini ni laini. Ukiwa na watoto watakuvuta dukani kwa marzipani, vitamu vya lozi. Wanunulie tu, si mmekuja kutembea!

Mimi lakini nilikuwa na langu. Sisi manesi wa chanjo mji huu tunaujua kwa jambo jingine.

Mwaka 1930 kifua kikuu kilikuwa kinaua watoto na dawa yake haikuwepo. Lübeck wakaagiza mbegu ya BCG kutoka Paris, wakaiotesha kwenye maabara ya hospitali yao. Haikuwa sindano ya begani kama tunayochoma sisi. Vichanga kama 250 walinyweshwa, ndani ya siku kumi tangu kuzaliwa. Mama zao walikubali wakijua wanawakinga. Baada ya wiki chache vifo vikaanza. Walikufa 72, na wengine zaidi ya mia moja waliugua wakapona.

Watu wakasema BCG inaua. Uchunguzi ukaonyesha kingine: maabara ileile ilikuwa inafuga vijidudu vikali vya kifua kikuu, vikachanganyika na chanjo. Na kabla ya kuwapa watoto hawakuijaribu kwa wanyama! Hapo ndipo huwa nakasirika. Kesi ikasikilizwa, na mwaka 1932 madaktari wawili wakahukumiwa kifungo.

Kwa hiyo mama ukiniuliza kliniki, "Nesi, hii ni salama kweli?", mimi sikuoni mkorofi. Uliza. BCG ya leo inatoka kiwandani, inapimwa kabla ya kutolewa, na kichupa kina namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Omba uonyeshwe.

Jioni niliingia Kanisa la Mtakatifu Maria. Lilipigwa mabomu mwaka 1942, kengele zikadondoka kutoka mnarani, na mpaka leo zimeachwa palepale sakafuni, vipandevipande. Nilikaa pale muda mrefu, nikiwawaza wale mama.

Sasa mfunue mwanao bega la kulia. Kile kikovu unakiona? Kama hukioni, njoo na kadi tuangalie.