Kasi ya Ongezeko la Watu Tanzania: Historia ya Tarakimu na Lugha Yake

Mintarafu ya ongezeko la watu nchini Tanzania yameandikwa mengi na wataalamu wa takwimu, wa uchumi na wa tiba. Wataalamu wa lugha wamesema machache, labda kwa kudhani kwamba tarakimu hazina haja ya sarufi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba haja hiyo ipo. Kwanza nitaeleza kwa ufupi historia ya kasi ya ongezeko hilo, tangu hesabu za wakoloni hadi sensa ya mwaka 2022. Kisha nitatazama hesabu za miaka ijayo na namna zinavyosemwa kwa Kiswahili. Hoja yangu ni moja. Kasi ya ongezeko si tabia ya kudumu ya nchi kama ulivyo urefu wa mlima. Ni tofauti baina ya vizazi na vifo, pamoja na waingiao na watokao, katika muda maalumu, na kwa kadiri wahesabuji walivyoweza kuiona. Lugha inayoitaja kasi hiyo kana kwamba ni ahadi humpotosha msomaji.

Hesabu kabla ya mwaka 1948

Neno hesabu tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiswahili limebeba tangu zamani maana mbili: kujua idadi, na kudai haki au deni. Atakayesema "tutafanya hesabu" aweza kuwa ataka kujumlisha, au ataka kulipwa. Maana hizi mbili zilikutana katika utawala wa Wajerumani. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, kuhesabiwa kukawa ni mwanzo wa kutozwa. Si ajabu basi kwamba watu wengi walipenda kutoonekana. Hata chini ya Waingereza, hesabu za mwaka 1921 na 1931 zilitegemea sana taarifa za machifu na majumbe na madaftari ya kodi. Hesabu ya kwanza ilitoa kama watu milioni 4, na ya pili kama milioni 5.

Tarakimu hizo hazifai kupimia kasi kwa usahihi, lakini miaka iliyozitangulia haikuwa miaka ya amani wala ya shibe. Sotoka iliua ng'ombe kwa wingi katika miaka ya 1890, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Vita vya Maji Maji, tangu 1905 hadi 1907, viliua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto. Watawala walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia baina ya 250,000 na 300,000. Baada ya hapo ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi kwa makumi ya maelfu wakafa njiani kwa maradhi na uchovu. Kisha homa ya mafua ya 1918 na 1919. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya mambo hayo mahali ambapo madaftari hayakuihifadhi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Maelfu wanaofanya biashara hapo kila siku wanalitaja jina hilo bila kukumbuka waliokufa.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika ya Mashariki, alishikilia kwamba watu wa nchi hii walipungua tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1920. Wanahistoria wamebishana naye katika mengi, hasa kuhusu hali ya wakati uliotangulia. Hata hivyo wazo kwamba Waafrika wamekuwa wakiongezeka siku zote kwa kasi moja halina msingi. Kulikuwa na miaka ambayo vifo vilishinda vizazi.

Sensa tatu na fumbo moja

Hesabu ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza iliyofanywa Tanganyika kwa taratibu za kitaalamu. Ilipata watu milioni 7.5 hivi. Ya mwaka 1957 ilipata milioni 8.8. Ukigawa ongezeko hilo kwa miaka tisa, kasi ni asilimia 1.8 kwa mwaka. Huko Zanzibar kuliandikwa watu 264,000 mwaka 1948 na 299,000 mwaka 1958. Yaani kasi isiyofika asilimia 1.3.

Mwaka 1967 ikafanyika sensa ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano, ikatoa watu milioni 12.3, na kati yao karibu milioni 12 walikuwa Tanzania Bara. Kwa hiyo kasi ya Bara kati ya 1957 na 1967 ilikuwa asilimia 3.1. Je, wanawake wa Tanganyika walianza ghafla kuzaa kwa wingi? Hasha. Vifo vilikuwa vikipungua kwa sababu ya chanjo, dawa na maji bora. Lakini hilo peke yake halitoshi kueleza mruko huo. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba hesabu za kwanza ziliwapita watu wengi, hasa watoto wachanga. Hapo twapata kanuni ambayo yafaa ikumbukwe: kasi inayotokana na sensa mbili hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani wingi wa watu na ubora wa kuhesabu. Sensa ya pili ikiwa bora kuliko ya kwanza, watu waliokuwapo zamani huonekana kama wamezaliwa jana.

Umri nao ulikuwa na taabu yake. Mzee aliyezaliwa mwaka usioandikwa hakuwa na tarakimu ya kumpa karani, ila alikuwa na tukio: njaa fulani, vita fulani, chifu fulani kutawazwa. Ndiyo sababu makarani wa sensa hupewa kalenda ya matukio ili kugeuza habari kuwa miaka. Hata hivyo umri katika majedwali hurundikana kwenye tarakimu zinazoishia na 0 au 5, na anayetaka kupima uzazi na vifo hana budi kuzilainisha kwanza.

Tangu 1967 hadi 2022

Baada ya 1967 zimefanyika sensa tano: mwaka 1978 (watu milioni 17.5), 1988 (milioni 23.1), 2002 (milioni 34.4), 2012 (milioni 44.9) na 2022 (milioni 61.7). Kasi kati ya sensa na sensa ilikuwa asilimia 3.2, kisha 2.8, kisha 2.9, kisha 2.7, kisha tena 3.2. Zanzibar, iliyokuwa nyuma katika miaka ya 1950, ilifika asilimia 3.7 kati ya 2012 na 2022.

Mwenye kusoma mfululizo huu kwa haraka hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kasi ikipungua, watu wamepungua. Kati ya 2002 na 2012 kasi ilishuka hadi 2.7, na bado nchi iliongeza watu milioni 10.5 kwa miaka kumi. Kosa la pili ni kudhani kwamba kasi mbili zinazolingana ni jambo moja. Asilimia 3.2 ya kwanza, ya 1967 hadi 1978, iliongeza watu milioni 5.2 kwa miaka kumi na mmoja. Asilimia 3.2 ya mwisho iliongeza milioni 16.8 kwa miaka kumi. Asilimia ni sehemu ya mia, na mia yenyewe imekua. Kwa mwalimu anayegawa madawati, tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo habari yote.

Tena, kasi ilirudi juu mwaka 2022 ilhali uzazi ulikuwa ukishuka. Uchunguzi wa afya wa 1991 na 1992 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya 6 katika maisha yake. Ule wa 2022 ulionyesha 4.8. Lakini katika muda huohuo vifo vya watoto kabla ya kutimiza miaka mitano vilishuka kutoka 141 hadi 43 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Basi wanaozaliwa kwa kila mama wamepungua, na wanaobaki hai wameongezeka. Watoto waliookolewa katika miaka ya 1990 na 2000 ndio akina mama wa leo, na wingi wao huongeza vizazi hata kama kila mmoja wao azaa wachache kuliko mama yake. Mwenye kulaumu "uzazi wa kupindukia" peke yake amesahau kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hili ni ushindi dhidi ya kifo.

Serikali iliijua mizani hiyo mapema. Mwaka 1969, alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alikubali kwamba nchi ni kubwa na ardhi ipo, lakini akakumbusha kwamba wanaoongezeka kila mwaka ni watoto wa kubebwa, si wafanyakazi, na kwamba kulea na kusomesha ni wajibu usiokwisha kwa kuzaa. Sera ya taifa ya idadi ya watu ilitolewa mwaka 1992, ikarekebishwa mwaka 2006.

Miaka ijayo na viambishi vyake

Sasa tutazame mbele. Chukua watu milioni 61.7 wa mwaka 2022, uwapeleke hadi 2050. Kasi ikibaki asilimia 3.2, watafika milioni 149. Ikiwa wastani wa 2.7, watakuwa milioni 130, na hapo ndipo palipo karibu na makadirio ya Umoja wa Mataifa. Ikishuka hadi wastani wa 2, watakuwa milioni 107. Kati ya hesabu ya juu na ya chini pana tofauti ya watu zaidi ya milioni 41, ambayo haiko mbali na idadi ya Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 2012. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliitaja Tanzania miongoni mwa nchi nane zinazokadiriwa kuchangia zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani hadi 2050.

Msomaji atazame sentensi nilizotumia. Zimejengwa kwa -ki-: kasi ikibaki, ikiwa, ikishuka. Katika magazeti na hotuba, sharti hilo huangushwa, ikabaki -ta- peke yake: "Mwaka 2050 Watanzania watakuwa milioni 130." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini ina kosa la elimu. Imegeuza tokeo la sharti kuwa habari ya wakati ujao, sawa na "kesho jua litachomoza". Anayeisikia ama huogopa ama hujivuna. Haoni kwamba kuna jambo la kufanya.

Msamiati nao wachanganywa. Tuna makisio, makadirio, maoteo, matarajio na utabiri, na waandishi hubadilishana maneno hayo kama visawe. Napendekeza yatenganishwe. Makisio yawe ni kukisia pasipo vipimo. Makadirio yawe ni kupima kile ambacho kipo au kilikuwapo lakini hakikuhesabiwa chote, kama vifo vya Maji Maji. Maoteo, ambalo tayari latumika katika mipango ya serikali, liwe ni hesabu ya wakati ujao iliyojengwa juu ya masharti yanayotajwa. Utabiri tuwaachie wanaotabiri, na matarajio tuyaache kwa mambo tunayoyatumaini. Najua maoteo ni neno lenye taabu: msikiaji aweza kufikiria mche unaoota, au mtu aotaye usingizini, au mwindaji anayeotea mawindo. Lakini istilahi hupata maana yake kwa matumizi thabiti, na matumizi thabiti ni kazi yetu sisi wa kamusi na wa shule.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mabishano ya wanaisimu juu ya kiambishi kimoja. Na afikiri hivi. Katika sensa ya 2022 zaidi ya watu 4 katika kila 10 walikuwa na umri chini ya miaka 15. Wengi wa wasichana watakaozaa hadi mwaka 2040 wamekwisha kuzaliwa. Hilo halina sharti. Lenye sharti ni muda watakaokaa shuleni, umri watakaoolewa, na uwezo wao wa kuamua idadi ya watoto wao. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotofautisha milioni 149 na milioni 107. Taarifa za sensa hutolewa kwa Kiswahili, na wanaozisoma ni madiwani, walimu, waganga na wazazi wa wasichana haohao. Tukiwaambia "itakuwa", tumewanyima nafasi yao katika hesabu. Tukiwaambia "ikiwa hivi, itakuwa hivi", tumewapa hesabu kamili, na hiyo ndiyo wataalamu wa takwimu waliyoikusudia tangu mwanzo.