Msikiti wa jina la Umar

Ndugu wasikilizaji, ninyi mliokimbia vita na ninyi wakuu wa mitaa, leo tuangalie Yerusalemu. Karibu na Kanisa la Kaburi Takatifu kuna msikiti wenye jina la Khalifa Umar bin al-Khattab. Kwa nini uko nje, na si ndani ya kanisa?

Mji ulijisalimisha kwake mnamo 637 au 638. Inasimuliwa kwamba saa ya sala ilimkuta ndani ya kanisa, pamoja na Patriarka Sofronio. Patriarka akamwambia asali papo hapo. Umar akakataa, akatoka, akasali peke yake kwenye ngazi. Alijua kwamba akisali ndani, kesho watu wake watalinyang'anya kanisa kwa kisingizio cha jina lake. Akaandika karatasi: hata kwenye ngazi zile Waislamu wasisali kwa kundi, ila mmoja mmoja. Aliyetuachia habari hii ni Eutikio, patriarka Mkristo wa Alexandria, karne ya 10. Kwa hiyo msidhani ni Mwislamu anayemsifu wake.

Msikiti wenyewe alikuja kuujenga al-Afdal, mwana wa Salahadini, mwaka 1193.

Mimi niliyesoma sheria naishangaa ile karatasi. Aliyeshinda ndiye aliyejiwekea mpaka. Basi wakuu, nyumba za hawa waliokimbia, ambamo wengine wanalala leo: nani kati yenu ameandika ni za nani?