Verena Bentele: dhahabu kumi na mbili kwa kufuata sauti

Machi 2010, huko Whistler nchini Kanada, Mjerumani Verena Bentele aliingia mashindano matano ya Paralimpiki ya kuteleza kwenye theluji na kuondoka na dhahabu tano. Hakuona hata mita moja ya njia aliyopita. Kilichowashangaza zaidi waliomfahamu ni kwamba aliweza hata kushiriki, maana Januari 2009 watu wengi waliamini amekwisha.

Alizaliwa kipofu mwaka 1982 mjini Lindau, kusini mwa Ujerumani, akakulia kwenye shamba la wazazi wake. Ndugu yake Michael naye haoni. Nyumbani kwao hawakufungiwa ndani: waliendesha baiskeli na kuteleza kwenye theluji kama watoto wengine. Akiwa na miaka 16 tu, Verena alipata dhahabu yake ya kwanza ya Paralimpiki huko Nagano, Japani, mwaka 1998.

Msomaji wa huku kwetu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kipofu anashukaje mlima kwa kasi juu ya vibao viwili vyembamba? Mwongozaji anayeona hutangulia, na mwanariadha humfuata kwa sauti. Kila kona, kila mteremko na kila mwinuko hutajwa kabla haujafika. Mwongozaji akichelewa kutamka, hata kwa sekunde moja, mwenzake ameshatoka njiani.

Verena alishindana pia katika baiathloni, ambayo juu ya kuteleza kwenye theluji ina mtihani wa pili, nao ni kulenga shabaha. Wanariadha wasioona waliingizwa katika mchezo huu kwenye Paralimpiki ya 1992. Bunduki yao haitoi risasi, hutoa mwale usioonekana. Mpigaji hulala kifudifudi, huvaa vipokea sauti masikioni, kisha husikiliza mlio ambao huwa mwembamba zaidi kadiri mtutu unavyokaribia katikati ya shabaha iliyo umbali wa mita 10. Hapo ndipo hufyatua. Tatizo ni kwamba amefika akihema, moyo unamdunda, na bunduki inapanda na kushuka pamoja na pumzi zake. Akikosa, kulingana na aina ya shindano, huzunguka kitanzi cha adhabu au huongezewa muda. Kwa maoni yangu ni vigumu kupata mchezo unaoyadai masikio kiasi hiki.

Sasa turudi Januari 2009. Katika mashindano ya ubingwa wa Ujerumani huko Nesselwang, mwongozaji wake alikosea kutaja upande wa kona. Verena alifuata alichoambiwa, kama alivyofanya maelfu ya mara, akatumbukia kwenye mkondo wa mto uliokauka. Kano za goti zilikatika. Ini na figo vilijeruhiwa.

Mifupa na kano huuguzwa. Kazi kubwa ilikuwa kuiamini tena sauti ya mtu mwingine kwenye mteremko. Alianza upya na mwongozaji mpya, Thomas Friedrich, na ni akiwa naye ndipo alipozoa zile dhahabu tano za Whistler. Ndiyo maana nasitasita ninaposoma habari za “shujaa aliyeushinda upofu”. Upofu haukumwangusha Nesselwang. Kilichomwangusha ni neno lililokosewa, na kilichomrudisha ni watu wawili kufanya kazi pamoja.

Alistaafu mwaka 2011, akiwa na dhahabu 12 za Paralimpiki. Hakuacha kujitesa: mwaka huohuo alishiriki mbio za baiskeli kutoka Trondheim hadi Oslo nchini Norwe, kilomita zipatazo 540, na mwaka 2013 alikuja Tanzania kuupanda Kilimanjaro.

Mwaka 2014 serikali ya Ujerumani ilimteua kuwa kamishna wake wa masuala ya watu wenye ulemavu, mtu wa kwanza mwenye ulemavu kushika wadhifa huo. Mwaka 2018 akachaguliwa kuwa rais wa VdK, chama cha kutetea haki za kijamii chenye wanachama zaidi ya milioni mbili, ambako vita vyake ni vya pensheni, huduma za wazee na umaskini.